Sahani Iliyofunikwa

"Jumanne, maini na chapati mbili. Jumatano, mbavu za mbuzi, na mfupa mmoja wenye uboho. Alhamisi, matumbo, bakuli limejaa mpaka juu."

Munene alisoma bila kuondoa macho kwenye simu yake. Mbele yake alisimama Kinya, mpishi wake, mwiko mkononi.

"Niendelee, Mama?"

"Endelea. Umeniamshia njaa."

Munene hakucheka. Hapo Kinya akajua mambo yameharibika, maana huyu kijana alikuwa akimcheka hata kwa yasiyochekesha, tangu siku zile akiletwa hotelini mgongoni mwa mamake.

Miaka ishirini na sita Kinya alikuwa amepika katika hoteli hiyo, karibu na soko la mifugo la Isiolo. Alimpikia baba mtu, na baba mtu akafa ameshiba. Mwana akarithi hoteli, akaweka sheria: nyama ikibaki leo, kesho ni sambusa. Hakuna kupea mtu. Kisha, mwezi uliopita, akagongomea mashine mlangoni.

Ilikuwa kioo kisichozidi sinia. Mteja akitoka, inamuuliza kwa sauti ya bibi arusi: "Chakula kilikuwaje?" Ilijua Kiswahili, Kimeru, Kiborana, Kisomali, hata Kiturkana. Haikutaka kubonyezwa. Ilisikia tu, na jioni ikamwambia Munene yote, yeye aliyeshinda mchana kutwa kwa duka lake la saruji.

"Atakayesifiwa sana atasimamia jikoni ya hoteli yangu mpya kule Chechelesi," Munene alikuwa ametangaza. "Atakayelalamikiwa, aanze kutafuta kazi ingine."

Kinya alikuwa na miaka sitini na moja. Kazi ingine angeitafuta wapi, mochari? Tangu siku hiyo, kila sahani ilipotoka, alitoa kichwa kwenye dirisha la jikoni: "Mkishiba, msinishukuru mimi! Semeni huko mlangoni!" Madalali wa mbuzi walicheka, nao wakasema.

Siri yake ilikuwa moja tu. Saa saba kila siku alikuja Lobokat, mzee ambaye ukame ulimaliza mbuzi wake wote, sasa anasukuma mbuzi wa wengine kuwapandisha lori. Aliagiza chai tupu. Kinya alimtumia sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, naye Akiru, mhudumu, akaipitisha upesi kama mtu anayebeba vyombo vichafu. Zaidi ya hao watatu, hakuna aliyejua.

Siku za kwanza mzee alikuwa akija dirishani kushukuru. Nyumbani kwao aliyelishwa hutaja alicholishwa, kimoja kimoja, kwa sauti ya kusikika hadi boma la jirani. "Maini umenipa! Chapati umenipa, moja, mbili!" Kinya alikaribia kumziba mdomo kwa unga. Mzee akaelewa. Tangu hapo alikula, akafuta mdomo, akatoka zake.

"Huyu mzee wako huchukua muda kweli kutoka," Akiru alisema siku moja.

"Beba maini tumboni na miaka sabini mgongoni, tuone kama utakimbia."

Walicheka. Akiru alikuja hapo miaka kumi iliyopita kuomba kazi ya kuosha vyombo, na Kinya akamfundisha kusukuma chapati. Siku ya harusi yake, Kinya ndiye aliyesimama mahali pa mama.

"Nani amekwambia hayo?" Kinya sasa alimuuliza Munene.

"Mashine."

"Haina macho. Wewe mwenyewe ulituambia."

"Imeambiwa. Siku kumi na tisa. Kila siku ni mama wa jikoni, mama wa jikoni."

"Na aliyebeba sahani?"

"Hapa hakuna mwingine." Munene aliweka simu chini. "Jumatatu Akiru ataanza kupika. Aproni niachie hapo."

Jikoni, Akiru alikuwa akigeuza chapati.

"Mwiko wangu ulianza lini kukukaa machoni?" Kinya aliuliza.

"Mama?"

"Sahani kumi na tisa umezitaja, hata mfupa hukusahau. Jina lako tu ndilo umesahau."

Akiru alishika ukuta. "Mama, si ni mimi nilikuwa nabeba? Nikikuchoma wewe, mimi si naungua pia?"

"Mbona huungui?"

Chapati ilianza kutoa moshi, na hakuna aliyeigeuza.

"Kazi yangu umepewa. Kula," Kinya alisema. "Lakini usiniite Mama tena. Niliokota nyoka nikamfunga leso."

Akiru alilia bila sauti. Kinya alivua aproni, akachukua mwiko, maana huo ulikuwa wake, akatoka kwa mlango wa mbele.

"Chakula kilikuwaje?" mashine ikamuuliza.

"Nyamaza, mbwa wewe."

"Asante kwa maoni yako."

Nje, Lobokat alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kofia ya unyoya kichwani. Alipomwona, alisimama, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. Kiswahili chake alikiokota sokoni.

"Mama! Mkubwa amekupa Chechelesi?"

Kinya aliinamisha macho kwenye mwiko.

"Lazima akupe," mzee alisema, uso umemjaa furaha. "Kila siku nimeambia ile kioo yote, hata mfupa sijaacha. Akiru sikutaja hata kidogo. Sifa yote nimepea wewe."