Macho ya Kazi

Katika hospitali ya wilaya, Tunsume aliwapandikizia watu macho ya kazi zao: fundi cherehani aone karibu, mlinzi aone mbali. Kila mtu hupewa jozi moja ya lenzi, na ikishaingia haitoki. Yeye mwenyewe alipewa za karibu. Kilichopita urefu wa mkono kilikuwa ukungu tu.

Leo aliyeketi kitini alikuwa Sekela, bintiye, aliyepangiwa kuendesha treni.

"Hii au hii, ipi inaona mbali zaidi?"

"Ya pili, mama."

Tunsume akampandikizia hiyo ya pili, kama alivyowafanyia wengine asubuhi ile.

Nyumbani, Sekela alimimina chai nje ya kikombe. Alimkodolea macho mama yake pale mezani, kisha akainuka, akatoka uani, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye michongoma.

"Usisogee, mama! Sasa nakuona. Kumbe una mvi!"

Tunsume akasimama mlangoni, akatabasamu, akaupungia mkono ule ukungu.

"Mama," sauti ikamwambia taratibu, "niko upande huu."