Mtaa wa Kutosha Kiganjani

"Shika ngazi vizuri, mama. Nikianguka, binti yako ndiye atakayebaki mjane."

"Na mimi nitabaki na amani," mama mkwe alijibu, ingawa alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili. Alipoona mkwewe, mpiga picha, amefika juu salama, alirudi zake kuanika nguo.

Mpiga picha akalala kifudifudi juu ya tangi la maji. Chini yake mtaa mzima ulikuwa umetandazwa: mabati yenye kutu, shuka kwenye kamba, fundi viatu na kibanda chake, kuku anayevuka barabara bila haraka. Meya alikwisha kusema kwamba mtaa huo ni doa usoni mwa mji, na Ijumaa ungebomolewa. Wakazi walilia, wakaandamana, wakaambulia patupu. Tegemeo lililobaki lilikuwa kamera moja.

Aliporudi nyumbani alikaa na kompyuta. Akaififisha picha upande wa juu, akaififisha upande wa chini, katikati tu akapaacha paonekane wazi, kisha akazikoleza rangi. Mara nyumba zikawa vijumba vya kuchezea watoto, malori yakawa vigari vya kufungwa kamba, na kutu yote ikang'aa kama asali.

Mama mkwe akavaa miwani. "Huyu mdudu anayeanika shuka ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Ala! Nimekulisha miaka yote hii unifanye sisimizi?"

"Vumilia. Mtu mkubwa akiona kitu kidogo, moyo humlainika."

Kesho yake wakaenda wote wawili kwa meya. Aliipokea picha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza. Akaitazama. Akaisogeza dirishani, akaitazama tena. Uso ukamchanua.

"Jamani! Hebu ona vibaraza hivi!" Akamwita katibu wake naye aje aone. "Kazi ya nani hii?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Mikono yako ibarikiwe! Imekuchukua muda gani?"

"Asubuhi moja tu."

"Asubuhi moja! Na kibibi hiki chenye shuka, umekiweka wewe?"

"Hapana, mheshimiwa. Kilikataa kuondoka."

Mama mkwe akamkanyaga mguu chini ya meza. Meya alicheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Basi kisiondoke! Kila kibaraza, kila kamba ya nguo, viwe vilevile kama vilivyo hapa. Huu ndio mtaa ninaoutaka katika mji wangu!"

Akatia sahihi pembeni mwa picha, akapiga na muhuri. Mama mkwe akamkumbatia mkwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi.

Hawajafika mlangoni, meya akamgeukia katibu, macho bado yakiibembeleza ile picha.

"Mpigie mwenye tingatinga. Asingoje Ijumaa. Ule uchafu wa kule aubomoe leo leo, tupate mahali pa kuujenga huu."