Moshi wa Mjomba Nyegere

Nyegere alipenda asali kuliko roho yake, lakini miiba ilimtisha. Mlango wa mzinga ulilindwa na nyuki wanafunzi, mama zao wakiwa mauani.

Kila walipotoka darasa la kuuma, Nyegere aliwasubiri na kijinga cha moto kinachofuka.

"Vuteni, wajomba. Mtajiona wakubwa."

"Mbona wewe huvuti, mjomba?" aliuliza nyuki mmoja.

"Mimi nina kazi baadaye."

Wakacheka, wakavuta.

Siku moja mama zao walirudi wakakuta mzinga kimya. Masega yote yameliwa, pamoja na watoto wachanga waliolala ndani yake. Walinzi walikuwa wamejipanga mlangoni, macho mekundu, miiba yao mizima, wakitabasamu.

"Msilie, mama zetu," walisema. "Mjomba ametuachia moshi."