Shujaa Aliyejifungia Ndani

Nguchiro huogopa hata kivuli chake, na siku ile moyo ulimwenda mbio kuliko kawaida. Kobe, mchoraji wa katuni ya Shujaa Radi, alikuwa amestaafu, na kalamu kamwachia Kinyonga.

"Ataniharibia Radi wangu!" Nguchiro aliwalilia wasomaji wenzake.

"Joho lake lisiguswe!" Kanga akadakia.

"Wala asipigane na adui tusiyemjua!" akaongeza Fungo.

Wakaandamana hadi mlangoni kwa Kinyonga, ambaye hata mstari mmoja alikuwa bado hajachora.

"Jamani, sasa Radi afanye nini?" Kinyonga aliuliza.

"Asibadilike!" Nguchiro aling'aka. "Akibadilika tu, utatutambua!"

Toleo jipya lilipotoka, Nguchiro alilifungua roho mkononi. Joho lilikuwa lile lile. Akashusha pumzi. Lakini kila ukurasa Radi alikuwa kajikunyata kitini, mlango kaukomea. Ukurasa wa mwisho, mafuriko yasiyowahi kuonekana yalikuwa yameingia kijijini, na vifaranga wakigonga kwake: "Mjomba Radi, tuokoe!"

Shujaa alichungulia dirishani, akanong'ona, "Wanangu, kutoka nataka sana. Namwogopa Nguchiro."