Mpira wa Sufi

Matanga yalikuwa yamevunjwa jana. Ustadha Barke aliketi kwenye duara la watoto wa chuoni kama mtu aliyeketishwa. Mpira wa kitambaa ulirushwa, na kila aliyeudaka alisoma aya inayofuata ya Suratul Qaria. Mchezo aliubuni mwenyewe. Mpira aliushona binti yake, huyo waliyemzika.

Ukamwangukia mapajani. Ilikuwa zamu ya aya isemayo kwamba milima itakuwa kama sufi iliyochambuliwa. Aliitafuta akilini, haikuwapo. Wala hakushtuka.

“Ustadha amekwama,” mtoto mmoja akanong'ona.

“Msimtajie!” akasema mwenzake, Salha.

Ndiyo kanuni aliyowafundisha: anayekwama hatajiwi neno, huonyeshwa kwa vitendo. Salha akauchukua mpira, akaukata uzi kwa meno, akaichambua sufi iliyokuwa ndani na kuipuliza.

“Mlima huo, Ustadha! Unaona?”

Barke aliitazama mishono midogo ya mwanawe ikifumuka. Sufi ikatua kwenye mtandio wake. Akaisoma aya yote, kwa sauti kavu, bila kosa.

Kisha, kwa kuwa aliyesoma sharti arushe, akakirusha kile kitambaa kitupu. Watoto wakanyoosha mikono. Hakikumfikia yeyote.