Maua ya Harusi ya Wairimu

Roselyne alimwonyesha mlinzi wa lango picha ya mwanamume kwenye simu yake.

"Anaitwa Henry. Akija, usimruhusu kuingia. Hata akiwa amebeba zawadi."

"Madam, leo ni Ijumaa, watu ni wengi sana," alisema Augustine, Mganda mpole aliyekuwa akikagua mikoba ya waumini, ambao huku Qatar husali Ijumaa, siku ya mapumziko. "Huyo amefanya nini?"

"Bado hajafanya."

Alirudi kanisani mbio kwa sababu maua yalikuwa bado. Wairimu, bibi arusi, alikuwa ameng'ang'ania harusi ya majira ya kuchipua. Sisi tuliozaliwa na masika na kiangazi majira hayo tuliyasoma tu kwenye jiografia, tukafanya mtihani, tukayasahau. Lakini Wairimu alikuwa nesi wa siku nyingi Doha, na Machi kwake ilikuwa Machi ya kwenye majarida ya harusi. Alitaka matawi ya mlimau yenye maua, vyungu vya maua ya zambarau kama yale ya kwenye mizunguko ya barabara, na yale madogo ya manjano yanayochipuka jangwani baada ya mvua na kunyauka upesi. Roselyne, mfanyakazi wa nyumbani kule Al Wukair, ndiye aliyeyachuma kwa mkono, na sasa ndiye aliyekuwa akiyafunga kwenye mabenchi kwa utepe.

Simu ililia. Wairimu alikuwa saluni, Al Sadd.

"Wifi, hizo maua za manjano ziweke mbele. Na umekula? Usituangukie madhabahuni, bana!"

"Nimekula," Roselyne alisema. Hakuwa ameonja hata chai.

Tangu siku bwana arusi, Wesley, alipomleta kanisani na kusema, "Huyu ni Roselyne wa kwetu," Wairimu alimwita wifi na kumpenda waziwazi. Alimnunulia hadi gauni la leo, la kijani kibichi, ili naye aonekane kama kitu kilichochipua. Upendo huo ulimuuma Roselyne kuliko matusi.

Nje upepo ulikuwa umeanza. Anga la upande wa jangwa lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na vumbi lilikuwa likipenya chini ya milango na kutua juu ya maua.

Wesley, askari wa lindo kwenye majengo mapya ya Lusail, alikuwa tayari na mke. Ng'ombe walikwisha kutolewa. Watoto wawili walikuwa Kapsabet, kwa nyanya yao. Mke mwenyewe alijua habari za harusi hii, tena alikuwa ameikubali, kwa machozi lakini ameikubali. Wairimu alikuwa amepata karatasi za Kanada na angeondoka Mei pamoja na mume wake halali. Wesley angekaa naye huko miaka michache, apate karatasi zake, waachane, kisha aichukue familia yake. Karo ya watoto, nyumba ya mawe, maisha yote ya watu wanne yalikuwa juu ya siku hii.

Mdomo mmoja tu ungeweza kuyaangusha. Henry, mtu wa kijiji chao, aliyekula nyama ya harusi ile ya kwanza, alikuwa ametua Doha hivi karibuni. Na Henry hakuzaliwa na kufuli mdomoni.

Wesley alifika tai ikiwa imekaa upande. Roselyne aliinyoosha, akampangusa vumbi mabegani.

"Henry haingii," alimwambia kwa Kinandi.

"Sawa. Wewe tulia tu," Wesley alijibu, akiutazama mlango. Alikuwa mtulivu kama mtu anayesubiri zamu yake iishe. Roselyne alirudi kukaza utepe aliokwisha kuufunga.

Wairimu aliingia kwa wimbo na vigelegele. Upepo uliingia pamoja naye, ukazipeperusha petali za manjano hadi madhabahuni, na watu wakapiga makofi wakidhani imepangwa. Roselyne aligeuka kuutazama mlango ukifungwa. Benchi la mwisho, ndani ya suti ya kahawia, alikuwa ameketi Henry.

Langoni watu walikuwa wengi kweli.

"Kama kuna mtu ajuaye sababu ya hawa wawili wasifunge ndoa," mchungaji alisema, "na aseme sasa, au anyamaze milele."

Henry alisimama.

Roselyne alishika ukingo wa benchi. Aliwaona watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Alimwona Wesley akitolewa kanisani kama mwizi. Henry alitembea polepole kando ya ukuta, akafunga dirisha lililokuwa likigonga kwa upepo, akarudi kuketi. Alimtazama Roselyne mara moja tu, kisha akainamisha macho.

Mchungaji aliendelea. Wesley alitoa kiapo chake kwa sauti safi, bila kukwama popote, hadi kile kipande cha kifo kuwatenganisha. Pete zikavishwa. Kanisa likalipuka kwa shangwe, na Roselyne akalia bila kujificha, kwa shukrani. Imepita. Mungu wangu, imepita.

"Tazameni dada ya bwana arusi anavyolia kwa furaha!" mchungaji alisema, na watu wakacheka.

Wairimu alimwendea kabla ya mtu mwingine yeyote. Alimkumbatia kwa nguvu, akaugeuza uso kwa mpiga picha, akatabasamu, kisha akamnong'oneza sikioni.

"Pole kwa kazi, mke mwenza. Wesley aliniambia yote tangu Januari. Sasa rudi Kapsabet ukalee watoto wako. Huyu simrudishi."