Pacha Asiyetakiwa Kulia

Mtoto hakutakiwa kulia, basi. Akilia tu, kinenani panatoka uvimbe kama yai, na Koko Naisenya, bibi yake, anaanza kumwomba Mungu kwa Kimaasai na Kiswahili pamoja.

"Bibi, mbembeleze," nesi Blandina wa hospitali ya Karatu alisema. "Ngiri hiyo. Utumbo ukinasa hapo, tutampoteza."

Alikuwa njiti, mmoja wa pacha. Mwenzake, aliyemzidi uzito kidogo, alibaki nyumbani Nainokanoka na mama yao Nasieku, ambaye mshono wa uzazi ulikuwa haujapona. Siku ya kuachana Nasieku alilia sana. Huyu haendi Karatu kutibiwa, alisema, anaenda kufa.

"Nipe mimi mgonjwa," Naisenya alimwambia mkwewe. "Wewe mshike mzima. Na kunyoa mningoje."

Maana kwao mama na mtoto hunyolewa siku ya kutoa jina, na bibi alitaka pacha wote wapewe majina siku moja.

Kabla ya upasuaji daktari alisema wazi: njiti akishapewa dawa ya usingizi, anaweza kusahau kupumua hata baada ya kuamka.

Naisenya akacheka kwa woga. "Mimi nasahau fimbo, huyu anasahau pumzi! Kweli ni mjukuu wangu."

Walimtoa ameshonwa, mdogo kama kinda. Naisenya akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kidole chake kwenye wayo. Kifua cha mtoto kikitulia, anakuna wayo. Kinashtuka, kinapanda tena. Alikuna mpaka kukapambazuka. Baada ya hapo mtoto hakusahau tena.

Siku ya kuruhusiwa mwanawe Saning'o, baba wa watoto, akapiga simu. "Anapumua?"

"Anapumua, na maziwa ya kikombe anayamaliza kama ndama!"

Simu ikawa kimya. Naisenya alidhani ni mtandao wa kule juu.

"Basi mlete, yeyo," Saning'o alimwambia mama yake. "Mlete upesi."

Gari liliwashusha kwenye maduka ya Nainokanoka, ukungu umetanda, baridi inauma masikio. Akatembea akimwimbia mtoto ndani ya shuka. Alipofika langoni mwa boma alimwona Nasieku amekaa nje na wanawake wenzake, kichwa kinang'aa, kimenyolewa.

"Nyie watu hamna subira!" alipaza sauti, akicheka. "Mmenyoa bila mimi! Haya, mwenzake mmempa jina gani?"

Wanawake wakainama. Naisenya akasogea karibu. Shingo ya mkwewe ilikuwa tupu, shanga zote zimevuliwa kama za mfiwa.

Nasieku alifungua shuka kifuani, akanyoosha mikono.

"Mlete, yeyo. Maziwa yananiuma tangu juzi."